Mzigo wa Msafara Uliopita

Sina sababu ya kukudanganya. Umri huu nilionao, nikidanganya nitapata nini? Walioyaona haya pamoja nami walikuwa watatu. Wawili wamekwisha kufa, na wa tatu ndiye mwenye kisa, na siwezi kukuapia kama ni mzima au ni mfu. Nimebaki mimi. Ukitaka amini, usipotaka acha, ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu siku moja na wewe utahama.

Ilikuwa miaka ile ya operesheni ya vijiji, tulipoambiwa tuache mashamba yetu ya mbali tukakae pamoja. Sisi tulikuwa tunalima tumbaku porini huko, upande wa Goweko. Nilikuwa na mwaka wa pili katika ndoa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Tuliahidiwa lori. Lori lilikuja siku moja, likabeba vitu vya majirani, likaharibika, na hatukuliona tena. Mgambo wakapita wakasema ikifika Jumamosi nyumba zote zitaezuliwa, vitu viwemo visiwemo. Basi tukahama kwa vichwa.

Kuhama kwa vichwa unakujua wewe? Hukujui. Wifi zangu walikuja, shangazi wakaja, marafiki wakaja, tukawa tunakwenda na kurudi siku tatu nzima, kila safari mwendo wa saa mbili. Mlango wa mninga ulibebwa na wanaume wawili, wakagombana njia nzima. Jiwe la kusagia lilitaka kutuua, lakini mama mkwe wangu alisema likiachwa, na yeye aachwe. Likabebwa.

Aliyetusaidia kuliko wote hakuwa hata ndugu. Aliitwa Kibwana, Mzaramo, kibarua wa reli pale stesheni, rafiki wa mume wangu Maganga. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, utani wa tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakishuka na mizigo hadi Pwani, na Kibwana aliutumia utani huo bila huruma. Alikuwa akiingia jikoni kwangu anafunua chungu na kula mboga kabla ya mwenye nyumba. Siku ile ya kuhama hakunyamaza.

"Wapagazi wetu nyinyi," alikuwa akisema, "leo Mzaramo ndiye anayewabebea."

"Beba, mtani," mama mkwe alimjibu. "Babu zenu walitukalia mabegani vya kutosha."

Nilimpenda Kibwana. Nalisema mapema ili usije ukadhani vinginevyo.

Safari ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Watu hudhani mambo haya yanasubiri giza. Hapana, jua lilikuwa utosini. Maganga alikuwa na gunia la mahindi kichwani. Mimi nilikuwa na mtoto na furushi la nguo. Kibwana alibakiwa na taa ya chemli na sufuria moja, anatembea kama bwana harusi. Mama mkwe alikuwa nyuma kidogo na tenga la kuku. Tulifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyokanyagwa na miguu mingi mpaka ikawa ngumu, haioti nyasi hata masika.

Mtu alikuwa amesimama katikati ya njia.

Alikuwa na shuka la kaniki kiunoni, kifua wazi, na begani amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka. Mwisho wa mkeka ilining'inia kengele ndogo ya chuma. Ilikuwa ikicheza, niliiona kwa macho yangu ikicheza, lakini hailii. Nyuma yetu kuku walikuwa wakipiga kelele tangu nyumbani. Walinyamaza wote kwa pamoja.

"Mwadila," alitusalimu kwa Kinyamwezi. Tukaitikia.

"Msafara umeshapita?"

Sasa nisikilize vizuri hapa. Asubuhi ile wakubwa wa wilaya walikuwa wamepita na Landrova zao kukagua kijiji kipya. Siku zile ukisema msafara, kila mtu anajua unasema huo. Maganga akajibu kama ambavyo ungejibu wewe: "Umepita tangu asubuhi, ndugu. Umeelekea stesheni."

Yule mtu akafumba macho. "Basi nimeachwa," alisema. "Nitueni."

Kwetu mtu akikuomba umtue mzigo humwulizi anatoka wapi. Unaweka chako chini, unamtua, ndiyo adabu ya njia. Kama Kibwana angemtua tu, akauweka ule mzigo chini, huenda leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Kibwana alikuwa Kibwana. Aliposikia Kinyamwezi kile akaona kapata mtani mpya. Akanipa mimi sufuria na chemli.

"Mnyamwezi mzima unalia njiani? Lete, mtani. Huu nitaufikisha mwenyewe mpaka kwetu Pwani."

Yule mtu alifumbua macho. "Mpaka Pwani?"

"Mpaka Pwani. Mzaramo hasemi mara mbili."

Naye alikuwa amekwisha kusema mara mbili. Akaingiza bega chini ya ule mkeka, akaupokea, na kengele ikalia.

Yule mtu alijinyoosha taratibu sana. Begani pake palikuwa na bonde ambalo ngumi yangu ingeingia. Akasema asante, akaenda kukaa ukingoni mwa njia. Niligeuka kumwita mama mkwe aje haraka, na nilipotazama tena pale ukingoni palikuwa na nyasi tu, wima, hazikulaliwa na mtu.

Tulifanya nini? Tulitembea. Mtu akiogopa sana hutembea. Kibwana alitania kidogo, kwamba mtani amekimbia kazi, kisha akaacha. Mwendo wake ukawa unaongezeka, nami namwona jasho likimtiririka na shingo imekaza. Tulipofika njia panda, kijiji kipya kikiwa mkono wa kulia na njia ya zamani ikiendelea mashariki, alisimama. Alijaribu kukunja kulia. Miguu haikukunja.

"Maganga," alisema, "nitue."

Hakukuwa na utani tena katika sauti ile. Maganga akashusha gunia. Wakati huo mama mkwe alikuwa ametufikia, akaona mkeka, akaona kengele, akaweka tenga chini akasimama kati yao.

"Umepokea kwa nani?" aliuliza. Tukamweleza. "Ukasemaje?"

"Nilisema nitaufikisha Pwani, mama. Nilikuwa natania."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mama mkwe akamwambia mwanawe kwamba mzigo wa msafara ukishaahidiwa haushushwi njiani, hupokewa tu. Atakayemtua huyu ndiye atakayekwenda nao, na ahadi itakuwa yake.

"Mama, ni Kibwana," Maganga alisema.

"Naona ni Kibwana."

Maganga akamzunguka mama yake. Mkono wake ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika kwenye ule mkeka. Nilidondosha kila nilichokuwa nacho nikamkamata shati kwa mikono miwili. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Mtoto wako ana miezi minne."

Mkono ukasimama pale pale. Kibwana alisikia. Hakumtazama Maganga tena, alinitazama mimi, na hakunitazama kwa hasira, ningeshukuru kama ingekuwa hasira.

"Haya, shemeji," alisema. "Kaeni salama."

Akashika njia ya mashariki. Kengele tuliisikia mpaka jua linatua.

Stesheni waliandika kwamba ametoroka kazi. Miezi ikapita, msafiri mmoja akasema huko Itigi alimwona mtu na mzigo mrefu begani, anatembea kando ya reli wala haitikii salamu. Maganga hakuvumilia. Alipanda treni mpaka Uzaramoni kwa mama yake Kibwana. Yule mama akamwambia kwamba mwanawe hajafika. Ila alasiri moja alisikia kengele ikipita nyuma ya nyumba, ikasimama kidogo kwenye mlango wa uani, ikaendelea. Hakutoka nje. Alidhani ni mbuzi.

Tuliishi na Maganga miaka mingi baada ya hapo, tukazaa wengine watano. Hakunipiga, hakunitukana, hakuwahi kulitaja jambo lile. Lakini alipokuwa akirudi shambani na gunia kichwani, au kuni, nami nikainuka kumpokea kama mke anavyompokea mumewe, alikuwa akisema, "Kaa. Nitajitua." Mpaka mgongo ulipomwisha. Mpaka alipokuwa akianguka na mzigo wake mbele ya mlango wangu, mimi nimekaa pale pale aliponiambia nikae.

Basi ukihama, wasaidizi ni wengi na kila mtu anabeba cha mwenzake bila kuuliza. Uliza. Mtu akitaka kujua kama msafara umepita, uliza kwanza ni msafara gani. Ulimi wa utani uache nyumbani siku hiyo. Na kama umekwisha kuahidi, usimtazame mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Yule mtoto sasa ana wajukuu, na ningelishika lile shati tena.