Niliwauliza watoto sungura wa hapa kwetu ni nani, mmoja akahama shule

"Mwalimu, na watoto wa sungura walikunywa maji gani?"

Wakuu, salamu. Swali hilo niliulizwa na msichana wa Grade 6. Ninayoandika hapa yalitokea, na sijipambi, kwa sababu mwenye makosa ni mimi.

Nilikuwa mwalimu wa muda kwenye shule moja ya msingi huko Kangundo. Nimekulia Syokimau, nikasoma economics chuoni. Sikubali kitu kabla ya kukihoji. Kila hadithi ya watoto niliiona kama somo la uchumi.

Siku hiyo tulisoma ile ya wanyama wanaochimba kisima wakati wa ukame. Sungura, ambaye kwa Kikamba huitwa Kavaluku, anakataa kuchimba lakini anakuja kunywa. Mnaijua.

Kitabu kinamsifu kwa ujanja. Mimi nikachora ubaoni: wanyama ni wafanyakazi, kisima ni mali ya wote, sungura ni anayekula jasho la wengine.

Nikauliza, "Hapa kwetu sungura ni nani?"

Nilitarajia waseme broker, au serikali.

Darasa zima likageuka kumtazama msichana mmoja, Mwende.

Mgeni mimi, sikujua. Pale kiwanda cha kahawa ni kimoja, na karani anayesoma mizani wakulima wakileta kahawa ni mmoja tu, babake Mwende. Wazazi walikuwa wakinung'unika majumbani kwamba huwapunja kilo. Kama ni kweli, sijui hadi leo.

"Kavaluku wa mizani!" Mutua akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwalimu, mtoto wake ndiye huyu, angalia masikio!"

Walicheka sana. Mwende hakulia. Alisimama, akauliza lile swali, na hakuuliza kwa kiburi. Alitaka jibu.

"Tutaliangalia kesho," nikasema. Kesho yake nikaruka ukurasa.

Jina likamfuata paredi, likamfuata kwa bomba la maji. Nilimwadhibu Mutua, likazidi kushika. Wiki ya tatu mamake akaja kuchukua barua ya uhamisho. Mwende angeenda kuishi na shangazi yake Athi River.

"Mwalimu, ulikuwa unawafundisha nini hasa?"

"Hadithi, mama."

"Hadithi ya nani?"

Akachukua barua, akaondoka.

Bado naamini hadithi hizi zina uchumi ndani yake, na watoto wanauona kuliko sisi. Nilichokosea ni kuwataka wamtaje mtu mahali ambapo kila mtu anajulikana, halafu nikaondoka na nadharia yangu nikamwachia mtoto jina. Walimu na wazazi humu, nirekebisheni. Msinionee huruma.

Mwaka mzima ulipita kabla sijakutana kwenye semina na mwalimu aliyempokea Mwende Athi River. Nikamuuliza anaendeleaje.

"Yule yatima wa baba? Anafanya vizuri," akasema. "Kila shule ikifunguliwa huletwa na mjomba wake, yule karani wa mizani ya kahawa huko kwenu."