Mnyaa Juu ya Bwawa

Mimi samaki sikuwa nikiwala, na hadi leo ukiniwekea mezani nitasogeza sahani upande wa mgeni. Kwetu karibu na Ikutha, miaka ile ya themanini, wazee walimwita samaki nyoka wa maji, na nani anakula nyoka? Lakini niliwalinda samaki kuliko nilivyowahi kulinda mtama, na sababu ilikuwa moja tu. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Mombasa, ambako alibeba mizigo bandarini tangu kabla hatujaoana, na alikuwa ameniambia, "Mama watoto, hawa samaki wakishika, mimi sirudi tena kule."

Miaka yote hiyo nilikuwa na mume wa likizo. Anakuja Krismasi, watoto wanamwogopa kwanza, halafu wanamzoea, na kabla hawajashiba kumwita baba ameshafunga begi. Kwa hivyo aliposema tuchimbe bwawa chini ya mteremko, pale maji yanapochuruzika hata kiangazi, sikuuliza maswali. Nilichukua jembe. Udongo wa pale ni mgumu kama mkate wa juzi, lakini tulichimba wawili mpaka ukakubali. Akaleta vifaranga wa samaki kutoka bwawa la serikali, ndani ya mtungi wa plastiki, akawamimina polepole, akachuchumaa akiwatazama mpaka jua likazama. Niliwaonea wivu, nao ni samaki tu. Lakini nilifurahi pia, kwa sababu mtu anayetazama kitu namna ile haondoki haraka.

Halafu ndege wakaja.

Ndege mimi nawajua. Nimekua nikiamia mtama wa mama yangu, nimesimama juu ya kichanja na kombeo na madonge ya udongo, nikipiga kelele mpaka koo linakauka. Lakini ndege wa mtama ni watu wa fujo. Wanakuja kundi zima, unawasikia kabla hujawaona, na ukimtisha mmoja wanaruka wote. Hawa wa samaki walikuwa na adabu ya wezi. Korongo alikuja peke yake, kimya, akasimama ukingoni kana kwamba amesahau alichofuata. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye kungoja ndiko kulikomshibisha. Ukimtupia donge anasogea kidogo, anasimama tena. Na yule mdiria mdogo wa buluu huwezi hata kumlenga. Unasikia chubwi tu, samaki amekwenda.

Basi nikawa wa kukaa pale. Mume wangu alishika zamu ya jioni, kwani mchana alizunguka hadi Kiboko akitafuta hoteli za barabarani za kununua samaki wake, maana majirani hawangegusa. Mimi nilichota maji mbio, nikafungulia mbuzi mbio, nikainjika isyo, mahindi yetu na maharagwe, jikoni, nikarudi bwawani na kombeo. Kuchoka kwa kukaa ni kubaya kuliko kuchoka kwa jembe. Jembe ukiliweka chini limekwisha, lakini ukiwa unalinda ndege hata macho hayaruhusiwi kufumba.

Mama mkwe alipita na mzigo wake wa kuni akasimama kunitazama. "Mwanangu," akasema, "sisi tulifukuza ndege tukala mtama. Wewe unafukuza ndege ule nini?"

"Mama," nikamjibu, "nafukuza ndege mwanao akae."

Akaenda zake na kuni. Kesho yake alikuja na kigoda chake, akanipokonya kombeo, akaniambia niende nikalale kidogo. Tangu hapo alikuwa akinipokea kila adhuhuri, na yeye mwenyewe samaki alikuwa hataki hata kumnusa.

Mume wangu alipoona tunavyokonda akasema tuweke ua. Sisi Wakamba tukipenda kitu tunakizungushia miiba, iwe ni ng'ombe au kaburi. Akakata matawi ya mgunga, akalizungushia bwawa lote. Korongo alishindwa, kwa kuwa yeye huingia kwa miguu. Lakini mdiria tulikuwa tumemtengenezea viti. Kila tawi lilikuwa na mahali pa kukaa, juu ya maji kabisa. Tukaitoa ile miiba tena, mikono ikichuruzika damu, na nilikuwa na hasira mpaka sikutaka kuongea na mtu.

Ndipo akasema mnyaa. Mnyaa ndio ua wa kila boma kwetu. Mbuzi hawauli, na ukiukata unatoa maziwa meupe ambayo mama yeyote humwonya mtoto asijiguse nayo machoni, atapofuka. Vijiti vyake ni laini, ndege hapati pa kukaa. Alikata mzigo mkubwa, tukautandaza juu ya bwawa kutoka ukingo hadi ukingo kama tunaezeka nyumba. Maziwa yalitudondokea mikononi, yakadondoka majini. Tulijua yanaua jicho la mtu. Kwamba samaki naye ana macho na matumbo, hakuna aliyewaza. Wazo hilo tungelitoa wapi, katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kuvua?

Jumapili iliyofuata nilienda kanisani bila kuwaza ndege, nikaimba nyimbo zote. Tuliporudi, samaki walikuwa wanaelea kati ya matawi, matumbo juu, wachache bado wakifungua midomo. Mama mkwe alisema kuna mtu ametuonea kijicho. Mume wangu alisema nchi hii haina bahati. Haikupita wiki nyingi akafunga begi, na mimi sikumsihi. Nguvu za kusihi nilikuwa nimezimalizia kwa ndege.

Krismasi ya mwaka uliofuata alikuja likizo kama zamani. Jioni ya mwisho, tukiwa tunakunywa chai, akaanza kucheka peke yake. Alikuwa amewasimulia wavuvi wa kule habari ya bwawa letu, na walicheka mpaka wakashikana. Kumbe pwani mnyaa hupondwa ukatiwa majini makusudi ili kuua samaki, na ni mambo ya tangu babu zao. "Tuliwapa sumu kwa mikono yetu," akasema.

Mimi sikucheka. Kama ni mnyaa, basi si kijicho wala si nchi. Nikamwambia, "Baba watoto, basi tuchimbe tena. Ndege tuachie mimi na mama, tutawaamia."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Akasema maji ya pale ni kidogo, hayawezi kutosha.

Maji yalikuwa yale yale. Asubuhi nilikuwa nimeyachota mwenyewe. Nikamwambia amalize chai akalale, basi la Mombasa linapita mapema.