Mashua ya Waya Iliyoshinda Mara Moja

Juzi nilikuwa Rodi Kopany nikingoja mvua ipungue, nimejibanza kwenye kibanda cha muuza ndizi, nikasikia tangazo la turubai lililofungwa juu ya barabara likipigwa na upepo. Pa! Pa-pa! Pa! Kamba moja ilikuwa imekatika, kona ikafunguka, na uso wa mtu aliyechapishwa hapo ukawa unavimba na kusinyaa kama anayetafuna ugali wa moto. Wengine waliona tangazo. Mimi niliona tanga. Nikacheka peke yangu mpaka muuza ndizi akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kabisa, ila mawazo yangu yako majini.

Wacha niwaeleze, maana jambo lenyewe lilinichanganya utoto mzima.

Mimi ni mtoto wa Uriri. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na miwa, na maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona yalikuwa kwenye pipa. Dada yake Baba, ambaye sisi Wajaluo tunamwita Waya, yaani shangazi, alikuwa ameolewa Homa Bay, karibu na ufuko wa ziwa. Mumewe, Anko Ogutu, aliugua muda mrefu, akafariki. Baba akasema dada yake hawezi kulala kwenye nyumba iliyo kimya. Akanifungia nguo kwenye mfuko, akanipeleka huko niwe kelele. Kwa kazi hiyo nilikuwa na kipaji.

Waya alikuwa akikaanga samaki ufukweni. Alikuwa mrefu, mrefu kiasi kwamba mvua ilikuwa inamfikia yeye kwanza, sisi tunaipata baadaye. Mdomo wake ulikuwa na miiba mingi kuliko ngege, yule samaki wa ziwa letu. Nyuma ya jiko lake, juu ya mawe, ilikaa mashua ya marehemu, na ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe: NITAFIKA. Wazee walioshona nyavu pale waliniambia kwamba Anko alipokuwa na nguvu zake, Nitafika haikujua mgongo wa mashua nyingine unafanana vipi. Mimi niliikuta imezeeka na imepinda. Ilivuja mpaka samaki wadogo walikuwa wanaingia, wanatembea, wanatoka. Tanga lake la zamani lilikuwa limeoza, kwa hiyo Waya alishona jingine kutokana na bango la mgombea fulani aliyeshindwa kura, akaziba matundu kwa magunia ya unga. Upepo ukija, mashavu ya mheshimiwa yanajaa. Upepo ukiisha, anakonda mbele ya macho yenu.

Sasa, omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, omena hawaji, na mashua hulala ufukweni wiki nzima. Wiki hizo ndizo zilikuwa zetu. Jioni tukitoka shule, wenye mashua ndogo walituachia vyombo vyao, na tukashindana matanga, tukiwa tumejifunga mitungi mitupu ya mafuta kiunoni ili tukianguka tuelee kama maboga. Nitafika ilikuwa na watu watatu. Awuor, msichana wa jirani, alishika usukani kwa sababu hakuogopa kitu. Obonyo alichota maji yaliyovuja, na mdomo wake ungeweza kujaza tanga siku isiyo na upepo. Mimi nilivuta kamba. Mzee mmoja alisema wasichana kwenye mashua wanafukuza samaki. Waya akamjibu kwamba hatuendi kuvua, na samaki wanaotaka kukimbia wakimbie, yeye wa kukaanga anao.

Kanuni ilikuwa rahisi, au sisi tulidhani hivyo. Mnatoka mchangani, mnakwenda mpaka kwenye kisiwa cha gugumaji kinachoelea katikati ya ghuba, mnakizunguka, mnachuma ua lake la zambarau kama ushahidi, mnarudi. Wa kwanza kugusa mchanga ameshinda. Kila mtu alijua kwamba gugumaji hutembea. Leo liko hapa, kesho liko kwa watu wengine. Lakini boya hatukuwa nalo, na akili pia hatukuwa nayo nyingi. Nikifikiria sasa, tulikuwa tunashindana kuzunguka kitu ambacho chenyewe kilikuwa mashindanoni.

Kila mara alishinda Kevo, kijana mwenye mashua nyembamba kama kisu. Wa pili walikuwa ndugu wawili wa upande wa sokoni. Sisi tulikuwa wa mwisho, na si wa mwisho wa kawaida. Wenzetu walikuwa wanafika, wanaoga, wanakula, ndipo mheshimiwa wetu anaonekana akija upandeupande kama kaa.

Na kila tukirudi, Waya alikuwa amesimama ameshika mwiko, na neno lake ni lile lile. "Mashua ya kushindwa ni kuni. Mkishindwa tena, naikata." Tulikuwa tunakosa usingizi. Tungekuwa nani bila Nitafika? Ufukwe mzima ulitujua kwa sababu yake. Tulimwomba, tukamchotea maji bila kutumwa, tukaziba nyufa kwa pamba na lami mpaka mikono yetu ikanata kwenye daftari za shule. Mwezi ukapita, tukashindwa. Mwezi mwingine, tukashindwa. Shoka lilikaa pale pale mlangoni. Kwa nini hakuikata, hatukuuliza. Ukiuliza shoka kwa nini limechelewa, unatafuta nini?

Jumatano niliyotaka kuwasimulia, upepo ulikuja na fujo. Kevo alitangulia kama kawaida, ndugu wawili wakamfuata, wakaingia nyuma ya kisiwa. Sisi tulikuwa bado mbali, Obonyo anachota maji na kututukana kwa zamu. Mara upepo ukageuka. Kisiwa kizima, kikubwa kama uwanja wa mpira, kikatoa sauti ya mtu anayeng'oa nyasi zilizolowa, kikakatika vipande. Vipande vikubwa vikawafunga Kevo na wenzake kama ng'ombe zizini. Tulisikia wakipiga kelele. Nadhani hata watu wa Rangwe walisikia.

Na kipande kimoja, kama ukubwa wa nyumba ya Waya, kikaja chenyewe kuelekea kwetu. Hatukukifuata. Kilitujia, polepole, kimebeba ndege mmoja mweupe aliyesimama kama kondakta.

"Sasa hiki ni kisiwa au si kisiwa?" Awuor akauliza.

"Kina maua?" Obonyo akasema.

"Kinayo."

"Basi ni kisiwa. Zunguka, yawa!"

Tukakizunguka. Nikanyoosha mkono, nikang'oa ua pamoja na majani na mizizi na konokono wake. Tulipogeuza pua nyumbani, mheshimiwa alivimba mashavu jinsi ambavyo hakuwahi kuvimba hata kwenye kampeni, na Nitafika ikanyooka. Sijui niseme nini. Ilinyooka, ikaacha kutembea kama kaa, maji yakawa yanaimba chini ya mbao zake. Nyuma yetu Kevo alikuwa amejinasua kwa kusukuma na kasia, anakuja mbio. Tuligusa mchanga kabla yake kwa urefu wa pua ya mbuzi.

Hapo ndipo kesi ilipoanza.

"Waya, hawa wamezunguka kipande!" Kevo akalia kabla hata hajashuka.

"Mtoto wa ng'ombe si ng'ombe?" Obonyo akamjibu.

"Mtoto wa ng'ombe ni ndama!"

"Na ukimchinja ndama unakula samaki?"

Watu wakacheka. Wengine wakasema Kevo ana haki, wengine wakasema kisiwa ndicho kilichokosea. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama tumeshinda au tumeiba. Tukamgeukia Waya, mwanamke aliyewahi kusikiliza kesi ya kuku mmoja kutoka asubuhi mpaka jioni.

Siku hiyo hakusikiliza. "Ua liko wapi?"

Nikampa lile furushi la mizizi.

"Ni mashua gani imegusa mchanga kwanza?"

"Ni hiyo," Kevo akasema, "lakini Waya..."

"Lakini nenda ukanywe maji, mtoto wangu." Kisha akageukia wazee wa nyavu, akapaza sauti kama anayetangaza harusi: "Mmesikia? Nitafika ni ya kwanza! Semeni mmesikia!"

Wazee wakasema wamesikia. Mmoja wao akavua kofia, jambo ambalo sikulielewa. Waya hakutupongeza. Aliizunguka mashua polepole, akalowesha kona ya leso yake, akapangusa tope kwenye lile jina, herufi moja baada ya nyingine.

Sisi tukarukaruka mpaka tukachoka. Tumeiokoa!

Asubuhi niliamshwa na shoka.

Nilitoka mbio bila viatu. Waya alikuwa amejifunga leso kiunoni, jasho linamtoka, na nusu ya Nitafika ilikuwa tayari chini. Awuor alikuwa amekuja, analia. Obonyo alikuwa anaokota vipande na kujaribu kuvirudisha mahali pake.

"Waya, tulishinda!"

"Najua. Si mimi niliyesema?"

"Ulisema utaikata tukishindwa!"

"Nyar Uriri," akasema, ndivyo alivyoniita, msichana wa Uriri, "shika huo ubao usiniangukie mguuni."

Nikaushika. Ningefanya nini? Wiki hiyo alikaanga samaki kwa mbao hizo, na alitutengea sisi watatu ngege wakubwa kuliko wa wateja. "Kuleni." Nilikula kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo nikaomba nyongeza.

Tulijadili jambo hilo miaka. Obonyo alisema mama huyo alisahau alichoapa. Awuor alisema msiba umemvuruga. Mimi nilihitimisha kwamba maneno ya watu wazima hufanya kazi kinyume, na kwa muda mrefu nikawa naogopa kufaulu mtihani, nisije nikachapwa. Huenda ndiyo sababu kidato cha nne nilikimaliza nikiwa mama, kwenye masomo ya jioni, nikishindana hesabu na mwanangu.

Baba alifariki mwaka juzi. Aliacha baiskeli nyeusi aliyobebea miwa maisha yake yote. Mnyororo ulikuwa umekatika, gurudumu la nyuma limepinda kama sambusa. Kaka yangu akasema tumpe mtu wa vyuma chakavu. Asubuhi nilikubali. Jioni yule mtu alipokuja nikamfukuza kwa maneno makali, na sikujua kwa nini, maana sikuihitaji na kila nikiiona pale ukutani imeinamisha shingo, moyo unauma. Nilikuwa naitishia kila wiki: wewe, nitakutupa. Wiki ikiisha, iko.

Mwishowe nikaipeleka kwa fundi. Akaweka mnyororo, akanyoosha gurudumu, akatia mafuta. Nikaipanda mwenyewe, mwili huu mnaousikia, nikashuka nayo ule mteremko wa kuingia sokoni Uriri kwa kasi ambayo ndege wangeomba lifti. Wamama wa nyanya wakapiga kelele, "Ile si baiskeli ya Mzee? Ona inavyokimbia!" Katikati ya mteremko, sketi imejaa upepo, nikamwona Waya na leso yake yenye maji akipangusa herufi. Hangeweza kuikata ikiwa ya mwisho. Angekuwa anamzika mumewe mara ya pili, na safari hii watu wakiwa wanamcheka. Kile kitisho chote kilikuwa cha kutusukuma tu. Hakuwa anatafuta sababu ya kuikata. Alikuwa anatafuta ruhusa.

Nikampigia simu. Siku hizi sikio lake moja limestaafu, inabidi upige kelele.

"Waya, baiskeli ya Baba nataka kuitoa."

Nikasikia akiweka mwiko chini. Huyo alikuwa kaka yake.

"Ni mbovu?"

"Ilikuwa mbovu. Nimeitengeneza, nikaipanda mpaka sokoni."

"Watu waliiona?"

"Waliiona wote."

"Ilikimbia?"

"Ilikimbia, Waya. Ilikimbia sana."



"Basi mwite huyo mtu wa vyuma," akasema. "Na umwambie asiibebe. Mpaka kwa mizani yake, aiendeshe."