Soda ya Nanasi na Maziwa

Nanasi likichemka na sukari hutoa harufu tofauti na ya nanasi bichi. Huwa nzito, imeungua kidogo, na ikiingia kwenye pazia la jikoni haitoki upesi. Juzi jirani yangu hapa Umoja alikuwa anapika jemu, harufu ikapita chini ya mlango wakati napiga pasi. Nikasimama. Sikuhuzunika wala sikufurahi. Nilisimama tu mpaka nikaunguza kola ya blauzi, na kwa mtu kama mimi, anayepiga pasi hata soksi, hilo si jambo dogo.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kupika nimejifunza mwenyewe, kuandika pia, na vyote viwili huvirudia mpaka nikajichosha. Haya ninayowasimulia nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, kwa sababu kila mara nilikuwa natafuta mahali nilipolia, na hapapo.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Kayole, ghorofa ya tatu, mimi na baba na mama. Mama alikuwa mjamzito. Mimba ikiwa kubwa tulienda harusi Buruburu, na huko wakagawa kinywaji ambacho nilikuwa sijawahi kukiona: rangi ya manjano iliyofifia, povu juu, kinachoma ulimi kama soda lakini kinateremka laini kama aiskrimu. Msichana aliyekuwa anagawa alituambia ni nanasi, maziwa na soda nyeupe. Mama alikunywa glasi tatu. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, mkono kiunoni, "Neki, siku nitatoka hospitali na huyu mtoto, msiniletee uji. Nataka ile kitu."

Baba alicheka. "Mzazi wa Kibukusu anakataa uji! Kukhu akisikia, utarudishwa Bungoma." Kukhu ndiye nyanya, mama yake.

Wao walicheka. Mimi nililichukua kama agizo.

Katika ploti yetu, jengo lile la wapangaji, mwanamke akijifungua, wanawake wenzake walichanga wakanunua beseni kubwa la plastiki, wakalijaza sabuni, nepi, shali na unga wa wimbi, halafu wakapanda ngazi pamoja wakiimba kuja kuona mtoto. Kazi ya wenye nyumba ilikuwa kuwa tayari. Kwa hiyo mama alipoenda hospitali, baba alinunua paketi sita za maziwa yale ya kukaa siku nyingi, nanasi moja kubwa na chupa za soda, vyote vya wageni. Friji hatukuwa nayo. Maziwa aliyapanga ndani ya karai la maji chini ya dirisha, akaniambia niwe nayabadilishia maji.

Mama alirudi Alhamisi asubuhi. Alikuwa ameshika mkoba wake tu. Baba alikuja nyuma amebeba begi la nguo za mtoto, zipu imefungwa. Mama alipita moja kwa moja hadi chumbani, akalala akiangalia ukuta. Baba aliniita jikoni.

"Mtoto hakukaa na sisi," alisema. "Usimuulize mama yako maswali."

Nikasema sawa. Nawaambia ukweli: sikusikia kitu chochote ndani yangu. Nilienda nikabadilisha maji ya karai.

Hakuna aliyekuja kuimba. Beseni lilikuwa kwa Mama Shiro, mlango wa pili kutoka kwetu, limefunikwa leso. Wanawake wakipita kwenye ngazi walipunguza sauti wakifika mlangoni kwetu, kisha wakaipandisha tena huko chini. Siku ile na kesho yake baba alimpelekea mama uji, akautoa ukiwa umeganda juu. Alimpelekea chai, akaitoa. Jumamosi kabla ya kwenda kazini nilimsikia akimwambia Mama Shiro mlangoni, "Nikirudi nikute hajakunywa kitu, namrudisha hospitali."

Hospitali ndiko mtoto alikobaki. Sikutaka mama naye abaki huko. Na nilijua kitu ambacho asingekataa, kwa sababu alikitaja kwa kinywa chake.

Baba alipotoka tu, nikaanza. Nililikata nanasi, nikalikwaruza kwenye kikwaruzo hadi vidole vikawasha, nikakamua maji yake kwa kitambaa safi. Nikaongeza sukari, nikamimina maziwa. Yalitoka rangi ileile ya Buruburu. Nikageuka kutafuta glasi nzuri, nikasugua alama za vidole kwenye glasi hiyo, na nilipoangalia tena sufuria, maziwa yalikuwa yamekatika. Mabonge meupe yalielea juu ya maji ya kijani. Nikaonja. Yalikuwa machungu.

Nilimwaga. Nikachukua daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho, nikaandika: *Jaribio la kwanza. Nilikoroga haraka.* Mara ya pili nilikoroga polepole. Mara ya tatu niliongeza sukari. Mara ya nne nilikoroga upande wa kushoto, na hapo mnaweza kuona nilipofika. Kila mara mabonge, kila mara uchungu, kila mara mstari mpya katika daftari, kwa mwandiko mzuri. Nanasi lilibaki robo. Maziwa, paketi mbili.

Mama Shiro aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa na kibanda cha matunda pale steji ya matatu na sauti ya mtu anayeita wateja toka mbali.

"Uuui! Neki! Hii ni nini, umefungua kiwanda ya maziwa mala?"

"Ni soda ya mum. Ile ya harusi."

Aliinama juu ya sufuria, akanusa, akatumbukiza kidole, akafinya uso. "Na nani alikudanganya nanasi bichi inakaa na maziwa? Nanasi bichi inakula maziwa, mama. Lazima uiue na moto kwanza."

"Imebaki maziwa mbili tu," nilisema. "Wageni wakikuja nitawaambia nini?"

"Wageni gani, mama?"

Halafu akageukia sinki na kufungua maji, ingawa hakukuwa na kitu cha kuosha. Alipogeuka tena, alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Haya. Hizo mbili hatuharibu."

Tulichemsha robo ile ya nanasi na sukari mpaka nyumba nzima ikanuka. Alinifundisha kuchuja, kungoja, kugusa sufuria kwa nyuma ya mkono kujua imepoa. Akanituma na jagi kwenye duka la chini, mwenye duka akaliweka kwenye friji katikati ya soda zake. "Na hii ni ya kunilevya?" akaniuliza. Sikucheka. Nilisimama kando ya friji kuhakikisha haifunguliwi ovyo.

Maziwa yaliingia baadaye, baridi, kidogo kidogo. Hayakukatika. Soda nyeupe niliimimina nikiinamisha glasi, povu likapanda hadi ukingoni na kusimama hapo hapo. Mama Shiro alisema, "Sasa enda peke yako. Mimi nikiingia ataona huruma kwa uso yangu."

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa.

"Mum."

"Mm."

"Nimekuletea ile kitu."

Akajiinua kwenye kiwiko, akageuka, akaketi. Alipokea glasi kwa mikono miwili. "Umetengeneza wewe?"

"Eeh. Imekataa mara nne."

Alikunywa. Nilisimama mbele yake nikiangalia koo lake likishuka na kupanda, na kinywaji kikipungua. Alikunywa bila kupumzika mpaka povu likabaki chini tu. Sikufurahi. Nilikuwa nasubiri aniambie imekosa nini.

Ndipo nikaona mbele ya gauni lake pamelowa.

"Umemwaga," nikamwambia. Nasikia aibu kuwaambia hili, lakini nililisema kwa hasira.

Mama aliinamisha kichwa, akajiangalia. Kitu kilipita usoni mwake, kisha hakikuwepo.

"Eeh," akasema. "Nimemwaga. Pole, mama."

Nikamletea taulo. Hakujifuta. Alilikunja, akalikandamiza kifuani, akaniambia niende nimwambie Mama Shiro asante. Jioni baba alikuta glasi tupu kando ya kitanda na hospitali haikutajwa tena. Mimi nilikuwa nimeshaandika mstari wa mwisho katika daftari: *Jaribio la tano. Imekubali. Lakini amemwaga. Glasi ni pana sana.*

Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyoikumbuka siku ile: soda iliyokubali, na kasoro ndogo ya glasi.

Mwaka jana rafiki yangu alijifungua, nikaenda kumsaidia. Siku ya tatu aliamka gauni limelowa kifuani, mviringo kulia, mviringo kushoto, akacheka akasema maziwa yameshuka. Mtoto alikuwa bado amelala. Nilimuuliza kama huwa yanashuka yenyewe, hata mtoto asiponyonya. Akaniambia yanashuka tu, mwili hauulizi mtu.

Nilienda jikoni nikahesabu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Sikulia hata hapo. Niliosha vyombo vyake vyote, nikavipanga kwa ukubwa. Nilikuwa nafikiria kwamba mama alikuwa na sekunde moja tu ya kuchagua: aniambie kilichomlowesha, au akubali kosa ambalo hakulifanya, na mtoto wa miaka kumi amkasirikie. Akachagua. Tena akaniambia pole.

Mama yuko Kayole bado. Hunipigia simu kila Jumapili, huniuliza kama nimekula. Kila Jumapili nachagua maneno, nayapanga vizuri kichwani, halafu namwambia nimekula.