Mshubiri Uliochemshwa

Jina lake halisi alikuwa nalo, lakini ukimwita kwalo alichelewa kuitika. Miaka thelathini na moja ya kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ilimfanya awe Mama Gundi kwa wote, hata kwa mlinzi wa getini. Kila asubuhi alipanda ngazi akishika ukuta, akafungua makabati ya chuma ya jumba la kuhifadhia mimea mikavu, ambamo mimea ya nchi nzima imelala, akapuliza vumbi, kisha akaketi. Mgongo ulikuwa umekwisha, na kuketi kwenyewe kulikuwa kazi.

Mimea mingine haina kiburi. Unaibana kati ya magazeti na mbao mbili, wiki chache tu imekauka. Mshubiri ni mbishi. Majani yake mazito yamejaa maji na utomvu mchungu wa njano, nawe ukiubana hivihivi, baada ya miezi miwili unafungua gazeti na kukuta umechipua humo ndani bila aibu. Ndiyo maana hupasuliwa, ukakwanguliwa nyama, ukatumbukizwa kwenye maji yanayochemka mpaka ufe kabisa.

Ujanani Mama Gundi alikuwa mvivu kama sisi sote. Mabaki ya mishubiri aliyatupa nyuma ya jengo, yakaota, pakawa kichaka. Mkuu wa wakati ule alimwita ofisini akampa za uso. Tangu siku hiyo alichemsha kila kitu, hata kipande cha mzizi. Alijivunia hilo, na mimi sioni kwa nini asijivunie.

Basi kiangazi kimoja mtafiti wa pale, ambaye wote walimwita Daktari, alileta mshubiri mwitu kutoka kilima cha mawe. Ulikuwa mdogo, wa kuenea kwenye sahani, una meno mekundu pembeni mwa majani na madoa meupe upande wa chini tu. Hakuna kitabu kilichoutaja.

"Iko mingine kama sita hivi kule kilimani, mama, kwingine sijauona," alisema. "Huu tuubane. Ile naiacha izae, nitarudi kuchukua mbegu."

Siku hiyo Mama Gundi alikuwa hoi. Miguu ilimvimba, na binti yake alikuwa amempigia simu akimsihi aache kazi, apumzike. Alipomaliza kupasua majani, alikishika kisiki chenye mizizi akatazama dirisha. Angekitupa tu kule nyuma, aende zake nyumbani. Nani angejua? Lakini alijionea haya. Akavuta kiti, akasubiri sufuria ichemke tena, akakitumbukiza.

Miezi minne ikapita. Daktari alirudi kilimani, na siku ileile akaingia chumbani kwa Mama Gundi na vumbi kichwani. Kilima hakipo, alisema. Watu wa kokoto wamekivunja chote, limebaki shimo.

"Ule mshubiri, mama. Ulichemsha wote?"

"Keti kwanza, mwanangu."

"Hata mabaki? Hukutupa chochote kule nyuma?"

Hakungoja jibu, alishuka mbio. Mama Gundi alimfuata ngazi kwa ngazi, akihema. Alimkuta amepiga magoti kwenye kile kichaka cha mishubiri ya zamani, anageuza jani baada ya jani kutafuta madoa ya upande wa chini, na miiba imemchana mikono. Mama Gundi ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwa hakika kwamba haumo. Alitaka kusema, mdomo ukawa mzito. Akamwacha atafute, na kila jani lililogeuzwa lilimkata maini.

Kichaka kilipokaribia kuisha, alisema, "Nilichemsha wote. Hata kisiki."

Daktari aligeuza jani la mwisho.

"Nilikuwa nimechoka siku ile," aliendelea. "Nilitaka kukitupa hapa hapa. Nikajilazimisha."

Daktari aliketi chini kwenye udongo na suruali yake nzuri. Akasema kwa upole, maana alimheshimu, "Ulifanya kazi yako, mama."

"Niliifanya," alisema Mama Gundi, akaanza kulia pale pale mbele yake. "Siku moja tu ya uvivu, mwanangu. Siku moja tu, nami nikajinyima."