Kifua Juu, Nyonga Chini

Mnanikera. Kila anayepita jikoni kwangu anataka habari za mgongo wa Kanlaya, kana kwamba mwenyewe hana mdomo. Kweli hana, mjukuu wangu huyo ni bondia, huzungumza kwa magoti. Basi naandika mara moja, mniache nipike.

Pornthip, mpinzani wake, ndiye aliyemvunja. Alimkaba shingo ulingoni, akamtia magoti ya mbavu, kisha akamzungusha na kumbwaga. Nilikuwa kando ya kamba, mgongo wake nikausikia ukialika. Kanlaya akainuka, lakini mguu wa kushoto ukamfuata nyuma kama nyoka aliyepondwa kichwa.

Singkham, mwalimu wake, akamlaza mkekani akampanda mgongoni kwa miguu miwili, kama wazee walivyotibu mgongo. Mtoto akang'ata mkeka mpaka akautoboa.

Nikampeleka hospitali ya wilaya. Orathai, mtaalamu wa viungo, mwembamba, vidole kama koleo, akasema kisahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu wa mguu.

"Lala kifudifudi. Sukuma kwa mikono. Kifua juu, nyonga chini."

"Utaniua, dada."

"Nikikuua utaacha kulalamika. Tena."

Kila siku Kanlaya alimtukana, na kila siku alisukuma, jasho likimtiririka puani. Maumivu yakatoka kisiginoni, yakaja pajani, yakabaki kiunoni, yakaisha. Mguu ukarudi.

"Kapigane," Orathai akamwambia. "Ila usiiname mpaka chini. Kisahani kikichomoza tena, ni kisu cha upasuaji, na ngumi basi."

Sasa bondia gani wa kwetu asiyeinama? Kabla ya pambano unapiga magoti, unamsujudia mwalimu mara tatu, paji la uso sakafuni. Asiyefanya hivyo hana mwalimu, hana mama.

Ikaja sikukuu ya hekalu, na Pornthip yuko mbele ya Kanlaya ulingoni. Zumari la kusujudia likaanza kulia. Singkham akamwambia sikioni, "Ukinifedhehesha leo, nakuvunja mwenyewe."

Kanlaya akalala kifudifudi katikati ya ulingo. Akasukuma, kifua juu, nyonga chini. Mara tatu, uso kwa mwalimu wake. Watu wakazomea, chupa zikaruka.

"Bibi, mjukuu wako anaogelea?" jirani yangu akauliza. Nikamtandika ndoo ya barafu usoni.

Kengele ikalia Pornthip bado anacheka. Teke la mguu wa kushoto, ule ule uliokufa, likampata taya. Meno yalitangulia kufika chini.

Singkham akapanda ulingoni, akamzaba Kanlaya kofi la sikio.

"Hilo la aibu uliyonipa," akasema. Kisha akapiga magoti mbele ya watu wote, akamfungua vitambaa vya vifundo vya miguu, asije akainama.

Na wewe unayesoma umejikunja kama kamba ya kisima, shuka sakafuni. Kifua juu, nyonga chini. Wali wangu huonji mpaka nikuone.