Nani Aliwachora Ndege

Mchoraji alikuwa jikoni akisuuza vikombe siku mumewe alipomwiba. Hakumwibia kitu. Alimwiba yeye mwenyewe, mzima mzima, mchana kweupe, huku akicheka na kujikuna kidevu.

Kati ya jiko na karakana yao hakuna mlango, kuna pazia tu, na pazia halizuii maneno. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alikuwa amekuja kutazama mchoro wa mapazia ya ukumbi wa shule yake. Akasimama mbele ya kompyuta, akawatazama ndege waliopangwa safu kwa safu na majani katikati yao, akasema hajawahi kuona ndege wa uzi wenye uhai namna ile. Akauliza nani kawachora. Na Fundi, mume wa ndoa, akajibu hata mate hajameza.

"Kazi ya mikono hii, Mwalimu."

Mikono ile! Haya, tuseme haki: mikono ya Fundi inakijua kitanda cha kufumia kuliko inavyojua kijiko. Mguu ukikanyaga, mkono unarusha, kitana kinagonga, na nguo inatoka imekaza vizuri, si legelege. Hapo hana mpinzani mtaa mzima. Lakini kwenye kompyuta hajawahi kujaza hata mraba mmoja. Kuchora ni kazi ya mkewe tangu enzi za penseli na karatasi za miraba, alipokuwa akipaka mraba mmoja mmoja mpaka kidole kikaota sugu. Baadaye kaka yake, ambaye hutengeneza kompyuta, akamwekea programu ya kuchorea nguo, naye akajifunza peke yake, kwa kukosea na kurudia.

Mraba mweusi, uzi unapanda. Mraba mweupe, uzi unashuka. Ndege mmoja ni miraba chungu nzima, lakini humchora mara moja tu. Unamzungushia mstari, anakuwa bloku. Unainakili ile bloku, unaibandika mara nyingi utakavyo, na ukitaka ndege atazame upande wa pili, unaigeuza. Ukisimuliwa utadhani ni mchezo wa watoto. Wee! Kila unachokibonyeza pale kuna uzi wa kweli utakaokifuata, na uzi hauna adabu, hausamehe.

Basi pale jikoni Mchoraji alisimama na kikombe mkononi, maji yanamwagika bure. Alijiambia huenda Fundi anatania, atacheka kidogo kisha aseme ukweli. Hakusema. Mwalimu mkuu akaendelea: shule imepata kompyuta, naye anatafuta mtu wa kwenda alasiri kuwafundisha wasichana kuchora nguo. Je, Fundi angekubali? Fundi akakohoa, kile kikohozi cha wakubwa, akasema wataona.

Mchoraji alitoka na sinia la chai, mashavu yanamwaka. Mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole kama naye huwa anamsaidia mzee kidogo kidogo. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni. Lakini ndivyo alivyolelewa, mume haumbuliwi mbele ya mgeni. Akatabasamu, akaweka sinia, akarudi jikoni. Mimi naona bora angeliangusha lile sinia.

Mgeni alipoondoka moto ukawaka. Fundi alishangaa, au alijifanya kushangaa, akamwambia mkewe asikuze mambo.

"Mume na mke ni kitu kimoja," alisema. "Ukichora wewe, nimechora mimi."

Mchoraji hakubishana. Jioni ile alipika, akala, akaosha sufuria, akaifunika. Fundi alipouliza chakula kiko wapi, aliambiwa asiwe na wasiwasi: mkewe ameshakula, kwa hiyo yeye ameshiba.

Watu walipokuja kuisikia habari hii walicheka, wakasema kumbe yote haya ni kwa ajili ya sifa. Hapana. Sifa angeweza kumwachia, ajipake mwili mzima. Alichokitaka ni yale madarasa. Miaka nenda miaka rudi nguo zake zilitoka kwenye chumba kile zikaenda mahotelini, makanisani na misikitini, na yeye hakutoka. Alibaki kwenye kiti kile kile, anatazama ukuta ule ule. Alitamani kwa roho yake yote kusimama mbele ya watu wenye masikio na kuwaambia, tazameni, hivi ndivyo inavyofanywa. Na sasa madarasa yenyewe yalikuwa yamekuja mpaka nyumbani, yakapita mbele ya pua yake, yakaenda kukaa kwa mtu asiyejua hata kuiwasha programu.

Alimtaka Fundi ampigie mwalimu mkuu simu na kusema ukweli. Fundi akakubali, ila mapazia yakishapelekwa, ili mteja asije akaingiwa na shaka katikati ya kazi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye busara, na hiyo sauti ndiyo iliyomkera Mchoraji zaidi.

Ikatokea mdogo wake Mchoraji akajifungua, naye akaenda kumtunza kwa juma moja. Huku nyuma mwalimu mkuu akapiga simu. Alikuwa amefikiri tena, akaona ndege wale wote wanatazama upande mmoja kama watu waliopanga foleni. Je, wangeweza kutazamana, wawili wawili? Mtu mwingine yeyote angesema ngoja mke wangu arudi. Fundi angelisemaje, na mikono ile keshaisifu? Njia ya mwongo ni fupi, lakini Fundi aliona bado ana nafasi ya kutembea.

"Hilo dogo, Mwalimu," alisema, akavuta kiti.

Alikuwa amemwona mkewe akifanya mara nyingi, akiwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Zungusha mstari. Nakili. Geuza. Bandika. Na kweli, ndege akakutana na ndege, mdomo kwa mdomo. Fundi akafurahi kama aliyempa ndege mwenyewe pumzi. Akahifadhi kazi juu ya ile ya zamani, akachapisha karatasi, akaenda kwenye kitanda na kuanza kuzipitisha nyuzi, kila uzi kwenye tundu lake kama karatasi ilivyoagiza. Kazi hiyo huvunja mgongo, na aliifanya bila kupumzika, ili mkewe arudi akute yamekwisha.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa kusimama nyuma halioni. Ukiigeuza bloku na kuiweka ubavuni mwa mwenzake, uzi wa mwisho wa ndege wa kwanza na uzi wa kwanza wa ndege wa pili ni uzi ule ule umeandikwa mara mbili. Zile nyuzi mbili zitapanda pamoja na kushuka pamoja, na kwenye nguo zitalala sambamba, zifanye mstari kama mkunjo uliokataa pasi. Mchoraji huutoa uzi mmoja papo hapo, kwa kubonyeza mara moja tu, kama mtu anayefuta miguu mlangoni. Hata yeye mwenyewe hajioni akifanya. Halafu tena, ile amri ya kubandika haiulizi chini yake kuna nini. Inalala juu ya chochote ilichokikuta, na ukishahifadhi, kilichokuwa chini ndiyo kimekwenda.

Mchoraji alirudi, na kabla hajaweka begi chini akauona mstari. Fundi alikuwa ameshafuma kiasi cha mkono mmoja, na kati ya kila ndege wawili ulishuka ule mstari, umesimama wima. Akaenda kwenye kompyuta, akafungua kazi, akaipitia ndege kwa ndege.

"Majani yangu yako wapi?" akauliza.

"Majani gani?" akasema Fundi.

Hapo ndipo mori ulipompanda. Mstari angeusamehe, mstari ni kosa, na kila fundi hukosea. Lakini yale majani kati ya ndege yalikuwa yamemla muda kuliko ndege wote pamoja. Aliyachora, akayafuta, akayachora upya, mpaka yakakaa kama yanataka kutikisika. Na mtu aliyejiita mchoraji wake, mtu aliyeshika karatasi mkononi na kuzipitisha nyuzi moja moja, hakujua kama yalikuwepo. Alikuwa ameyabandikia ndege juu, akayafunika, akahifadhi. Mchoraji alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, na sauti yake ilifika kwa majirani wa nyumba ya tatu.

Ilipokwisha ile mvua ya maneno, Fundi alinyong'onyea, akamwomba arekebishe kabla mwalimu mkuu hajaja kutazama kazi. Mchoraji akasema atarekebisha saa ile ile mumewe atakaposema ukweli kwa mwenyewe mwalimu. Si kwa simu. Kwa mdomo, hapa, mbele yake. Fundi akasema hilo haliwezekani, yeye ni mwanamume na ana heshima yake. Mchoraji akaizima kompyuta.

Fundi akakimbilia kwa mama yake, kama kawaida ya vidume vikibanwa. Mama mkwe akaja na khanga yake begani na mawaidha tayari. Akamketisha mkwewe, akamweleza taratibu kwamba nyumba ni siri, na kwamba mwanamke mwenye akili humfunika mwenzake. Wala hakuwa mama mbaya. Alisema alichoambiwa na yeye zamani.

"Mwanangu, aibu ya mume ni ya mke," akamalizia.

"Na sifa ya mke, mama, ni ya nani?"

Mama mkwe akaivuta khanga yake begani. Akauliza kama kuna chai.

Siku ya mwalimu mkuu ikafika. Mchoraji aliketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi, mikono mapajani, hajagusa kitu. Mwalimu mkuu akakiendea kitanda cha kufumia, akainama, akapitisha kidole juu ya mstari. Akauliza ni nini. Fundi akausingizia uzi, akasema siku hizi viwanda vinatoa uzi wa ovyo. Mwalimu mkuu akasogea, akauona mstari wa pili, na wa tatu, kila mmoja mahali pale pale kati ya ndege wawili. Akauliza ni uzi gani huo wa ovyo unaojua kupanga hatua. Akauliza pia yale majani mazuri yamekwenda wapi, maana ndiyo yaliyomfanya achague mchoro ule. Kisha akasema anataka kuona kwenye kompyuta.

Fundi akamtazama mkewe. Yale macho Mchoraji aliyajua. Ndiyo macho anayoombea chumvi mezani. Akainuka, akakigeuza kiti, akakielekeza kwa mumewe.

"Kaa, Fundi. Mwonyeshe Mwalimu."

Fundi akakaa. Akashika kipanya kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Mshale ukazunguka juu ya ndege, ukapanda, ukashuka, ukafungua kitu, ukakifunga. Hakuna aliyemharakisha. Mwalimu mkuu alisimama amekumbatia mkoba wake, naye amewahi kuwasimamia watoto wengi waliokuja bila kusoma.

"Sijui," akasema Fundi.

"Hujui nini?"

"Kuchora. Ni huyu. Tangu mwanzo ni huyu."

Mchoraji alikuwa akidhani akiyasikia maneno hayo moyo utapoa. Haukupoa. Uliwaka zaidi, kwa sababu yalikuwa maneno machache mno. Kumbe ni hayo tu! Kumbe yangetosha kusemwa siku ile ya kwanza, kabla chai haijapoa, na majani yake yangekuwa mahali pake. Akamgeukia mwalimu mkuu akitazamia pole, au angalau mshangao. Hakupata.

"Na wewe?" akasema mwalimu mkuu. "Siku ile nilikuuliza, umesimama hapo hapo na sinia. Ukanichekea. Mtu anayenyamaza kazi yake ikichukuliwa mbele ya macho yake, atawafundisha nini wasichana wangu?"

Ile ilimchoma kuliko yote. Alitaka kusema habari ya malezi, ya mgeni, ya mama mkwe na nyumba ambayo ni siri. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyaona hayana kazi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya vikombe alijikasirikia yeye mwenyewe, na hasira hiyo ilikuwa na makali ambayo ile ya mume haikuwa nayo.

"Kuchora nilijua zamani," akasema. "Kutonyamaza nimejifunza juzi, na umeona mwenyewe nilivyochelewa. Nitawafundisha yote mawili, ili wao wasichelewe."

Mwalimu mkuu hakutabasamu. Alimtazama, akaitazama skrini yenye ndege wasio na majani, akafunga mkoba wake.

"Mapazia kwanza," akasema. "Halafu njoo shuleni tuongee, mimi na wewe. Mzee abaki na kitanda chake."

Mwalimu mkuu akatoka. Fundi alikuwa bado ameketi, mabega yameshuka, anautazama mshale ulioganda katikati ya skrini. Nyuma yake kitanda kilisubiri: nyuzi zote za kutolewa, na kila uzi kurudishwa kwenye kitana upya, na hakuna wa kuifanya kazi hiyo ila yeye.

"Sasa umeridhika?" akauliza, pole pole.

"Bado," akasema Mchoraji. "Inuka kwenye kiti changu."

Akainuka.